Armdroid ya miaka ya 1980: mkono wa roboti ukigoma, anza kupima hapa

Karibuni tena, wakuu. Leo mezani kuna Armdroid, mkono wa roboti uliotengenezwa Uingereza na Colne Robotics mwanzoni mwa miaka ya 1980. Una mota sita, zote za stepa, yaani zinazozunguka hatua kwa hatua kadiri koili zake zinavyowashwa kwa zamu, na kamba zinazovuta viungo. Huu mnaouona bega lake linatetemeka tu, haliinuki.

Najua kuna wanaosema ng'oa bodi yote, weka Arduino, ile bodi ndogo ya kisasa ya kuprogramu, yaishe. Subirini. Bodi hii haina cha ajabu: inapokea biti nane kutoka kwenye kompyuta, inazihifadhi, inawasha koili. Chipu zake karibu zote bado zinapatikana.

Kwanza pawa saplai, na uipime ikiwa peke yake, bodi imechomolewa. Angalieni kapasita hii, kichwa kimevimba. Hiyo inatoka bila mjadala. Laini ya volti 5 isishuke chini ya 4.75 wala isipite 5.25. Halafu geuza tesa, yaani mita ya umeme, iwe AC kwenye laini hiyohiyo. Ukiona hata nusu volti, umeme wako ni mchafu na chipu zitafanya vituko, nawe utazilaumu bure.

Sasa bega. Stepa ikitetemeka bila kuzunguka, mara nyingi koili moja hailishwi, au inalishwa muda wote. Zima umeme kabisa, maana kuchomoa stepa ikiwa na umeme kunaweza kuua chipu inayoiendesha. Pima kila koili kutoka waya wa pamoja: namba nne, zote zikaribiane. Hizi zinakaribiana, kwa hiyo mota ni nzima. Chomeka mota ya bega kwenye soketi ya jirani yake, na ya jirani kwenye soketi ya bega, kisha washa. Mnaona? Inazunguka, na ya jirani ndiyo inatetemeka sasa. Ubovu umebaki kwenye bodi.

Tukija kwenye bodi, kuna hii ULN2003, chipu inayowasha na kuzima koili, njia saba, kila moja hadi miliampea 500. Umeme ukiwa umezimwa na mota zimechomolewa, weka tesa kwenye kipimo cha daiodi, ncha nyekundu mguu wa 8, yaani grand, na nyeusi uipitishe mguu wa 10 mpaka wa 16. Sogezeni macho: 0.6, 0.6, 0.6... sifuri. Huo hapo. Umeshoti, koili yake haizimiki, ndiyo maana bega linavutwa huku na huku.

Kuibadilisha, usiichokoe nzima kwa moto. Nyaya za bodi za zamani hubanduka upesi. Kata miguu, toa mmoja mmoja, kisha lehemu soketi. Na kabla ya kuweka chipu mpya, hakikisha mguu wa 9 umefika kwenye laini ya umeme wa mota. Huo ndio unaopitisha mshituko koili zinapozimwa. Ukiwa umekatika, chipu mpya nayo itakufa.

Upande wa kompyuta sitakaa sana. Kidhibiti, yaani bodi inayotuma amri, cha volti 5 kinafaa moja kwa moja. Cha volti 3.3 kinaweza kutuma, kwa sababu chipu za LS, aina iliyo kwenye bodi hii, huhesabu volti 2 kuwa tayari ni "moja" ya kidijitali. Ila laini inayorudi kutoka kwenye mkono inaweza kukaribia volti 5, ipunguze kwanza.

Kasoro ambayo hakuna lehemu itaiponya: mkono huu haujui ulipo. Hauna enkoda, yaani kihisi cha kuonyesha kiungo kiko wapi. Kamba ikilegea au stepa ikiruka hatua, programu inaendelea kana kwamba mambo ni shwari. Kwa hiyo kiungo kikikosea nafasi, kaza kamba kwanza ndipo ushike tesa.

Ukiuziwa mmoja, nenda na tesa. Mota zote zikipima sawa, chukua, hata muuzaji akisema bodi imekufa. Koili ikiwa imekatika ndani, mimi nauacha, labda niuchukue kwa ajili ya vipuri.