Kugonga nyuma: linki au shokapu?

Gari ikianza kugonga nyuma kwenye vumbi la Newala mafundi wengi watakwambia shokapu imekufa, toa hela. Sio lazima. Kwanza toa kila kitu kwenye buti, jeki na spea tairi vikilegea vinagonga balaa.

Linki ya stebilaiza, kile kijiti kinachoshika baa inayozuia gari kulala kwenye kona, inagonga kakaka kwenye vijishimo ukienda taratibu, hasa tairi moja ikipanda nyingine ikabaki chini, ukipita tuta tairi zote mbili kwa pamoja mara nyingi inanyamaza maana ile baa haijikunji. Shokapu haichagui, tuta inagonga, shimo inagonga, mlio mzito, na bodi inaendelea kunesa. Ukiiona imelowa oili na vumbi limegandia hapo, imeisha. Ila kuna shokapu kavu kabisa na bado inagonga, shida ni bushi (raba) ya juu: mwenzio abonyezebonyeze gari nyuma, we weka mkono pale inapofungwa juu, utaisikia inacheza.

Mi naanza na linki, bei ndogo na kuipima rahisi: fungua zote mbili, baa ifunge isigongegonge, zungusha gari mtaani mdogomdogo, kelele ikiisha umeipata. Usiende nayo Masasi hivyo, kwenye kona italala sana. Wenye Vitz, nyuma kwenu ni bimu, chuma kimoja kinachounga tairi zote mbili, linki ya kufungua hakuna, nendeni kwenye shokapu na bushi za bimu. Na shokapu unabadilisha jozi, hata kama anayekuuzia ana moja tu.