Betri ya ndani ya motohomu: ipi ununue kwanza, ipi baadaye, na ipi usiguse kabisa

Watu wengi wakishapata motohomu, lile gari lenye nyumba ndani, wanaanza kuhangaika na mapazia, godoro na jiko, betri wanakuja kuikumbuka usiku wa kwanza saa nne taa zinaanza kufifia na friji inapiga pii pii. Halafu wakienda dukani swali ni lile lile, "nipe ya ampea mia". Hapo ndipo unapopigwa bana, maana ampea mia za betri hii siyo ampea mia za betri ile, na hata ukinunua nzuri kuliko zote, kama gari lako haliwezi kuichaji vizuri basi umejibebea mzigo tu.

Tuelewane kwanza, naongelea betri ya ndani, ile inayoendesha taa, friji, pampu ya maji, feni na chaji za simu. Ya kuwashia injini ni nyingine na ikae peke yake.

Kabla ya kupanga nani wa kwanza, piga hesabu yako. Friji ya kompresa ya volti 12 inakula kama wati 45 ikiwa inanguruma, lakini haingurumi muda wote, inawaka inazima, kwa hiyo kwa masaa 24 weka kama ampea-saa 40 (ndiyo Ah ya kwenye lebo, ampea mara masaa, dukani wanaiita ampea tu), na joto likiwa kali ongeza. Taa za LED hazina shida, 5 zinatosha. Feni ya dari usiku mzima 10 mpaka 15. Pampu ya maji inavuta sana ila ni dakika chache tu kwa siku, usiumize kichwa. Laptop ya wati 60 kwa masaa manne ni 20 na kidogo juu yake kama inapitia inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa kama wa ukutani. Jumla uko kwenye 80 hivi kwa siku na hujafanya anasa yoyote. Ukitaka birika la umeme hiyo ni habari nyingine, birika la wati 1500 kupitia inveta linavuta karibu ampea 140 kutoka kwenye betri kwa mkupuo, nitalirudia hilo.

Jambo lingine, ile 100Ah kwenye lebo kwa betri za risasi (AGM, ya maji na jeli, nitazifikia) kawaida imepimwa kwa kuvuta ampea 5 taratibu kwa masaa 20. Ukivuta kwa fujo inakupa chini ya hapo. Na betri ya risasi ukiishusha chini ya nusu mara kwa mara unaiua, kwa hiyo ampea mia zake kwa matumizi ya kweli ni hamsini. Shika hiyo, ndiyo inayopanga orodha yote.

Ya kwanza: lithiamu, ile ya LiFePO4

Kama unapenda kulala porini au ufukweni bila kuchomeka umeme wa kambi, sioni ubishi hapa. Unatumia asilimia 80 mpaka 100 ya kilichoandikwa, ya ampea 100 ina uzito wa kilo 11 mpaka 13 wakati ya risasi ya namba hiyo hiyo inafika kilo 27 mpaka 30, na inachajiwa na kutumika mara elfu mbili na kwenda juu wakati zile nyingine zinahesabu mamia. Kilo hizo usizidharau, motohomu nyingi zikishajazwa maji, gesi na vyombo zinakuwa zimebakiza nafasi kidogo sana kabla ya kugusa uzito wa mwisho unaoruhusiwa. Na kemia yake siyo ile ya kwenye simu, ni ngumu zaidi kushika moto, ingawa bado inataka heshima.

Sasa wauzaji wakifika hapa wananyamaza, kwa hiyo mimi nitaendelea. Ndani ya betri ya lithiamu kuna kibao kidogo cha saketi cha ulinzi kinaitwa BMS, na hicho ndicho unachonunua kwa kweli, seli nyingi zinafanana. Angalia BMS inaruhusu ampea ngapi mfululizo. Ikiandikwa 100 na wewe unataka lile birika la ampea 140, utabonyeza swichi, baada ya muda mfupi kila kitu ndani ya gari kinazima chwii, taa, friji, pampu, yote, na utadhani betri imeungua kumbe imejilinda tu. Muuzaji hakudanganya, wewe ndiye hukusoma mstari wa tatu wa lebo.

Baridi nayo. Lithiamu haitakiwi kuchajiwa chini ya nyuzi 0 za selsiasi, kutumia unaweza, kuchaji hapana, inaharibika kwa ndani na haiponi. BMS nzuri inakata chaji yenyewe ikifika hapo, nyingine zina hita kabisa. BMS isiyokata kwa baridi usiinunue, hata kama wewe ni mtu wa kukimbilia jua, maana gari linaweza kulala mahali pa baridi na paneli ya sola juu ya paa haijui kalenda.

Halafu alteneta, ile jenereta ya injini inayochaji betri. Betri hii ina njaa, ukiiunganisha moja kwa moja inavuta kila kitu alteneta inachoweza kutoa, na injini ikiwa inanguruma pole pole gari limesimama kwenye foleni alteneta haipati hewa ya kutosha, inachemka mpaka inaungua. Dawa ni chaja ya kati inayotoka betri ya gari kwenda betri ya ndani, wengi wanaiita disii-disii, ya ampea 30 inatosha watu wengi, ukiendesha masaa mawili umeingiza kama 60. Magari mapya yenye alteneta inayoshusha volti yenyewe ili kuokoa mafuta yanaitaka hiyo chaja hata ukitumia betri ya risasi. Na ile chaja ya zamani ya ukutani inayokuja na gari iangalie ina mpangilio wa lithiamu, isiwe ile ya kupandisha volti juu ya 15 eti inasafisha betri, huko unaua.

Mwisho kwa hii, voltimita haikusaidii. Lithiamu inakaa kwenye volti 13 na pointi karibu muda wote halafu mwishoni inaanguka kama jiwe. Nunua kipimo cha shanti kinachofungwa kwenye waya wa hasi kinahesabu kila kinachoingia na kutoka, kinakuambia umebakiwa na asilimia ngapi. Bila hicho unakisia tu.

Ya pili: betri kavu ya AGM

Kama safari zako ni za kambi zenye umeme, unachomeka waya jioni, asubuhi unaondoka, basi hii kwako ni ya kwanza na pesa inayobaki weka kwenye matairi. Nasema kweli kabisa, lithiamu kwa mtu anayechomeka kila siku ni sifa tu. AGM haimwagiki, haitaki kuongezwa maji, unaweza kuilaza ubavu (siyo kichwa chini), inakubali chaja nyingi za kawaida na alteneta haisumbuki nayo sana.

Udhaifu wake ni uzito na ile nusu niliyosema, ukitaka 80 zako za siku unahitaji 200 kwenye lebo, yaani karibu kilo 60 chini ya kiti. Tena haipendi kuachwa nusu. Betri yoyote ya risasi ikikaa bila kujaa chaji, risasi yake inashika chumvi ngumu na uwezo unapungua kimya kimya. Shida ni kwamba asilimia 20 za mwisho zinajaa pole pole mno, masaa kadhaa, kuendesha gari dakika arobaini hakufiki huko. Ndiyo maana AGM na paneli ya sola wanapatana, sola inamalizia pole pole mchana ukiwa unafanya mambo yako.

Ya tatu: sanduku la umeme la kubeba

Lile boksi lenye mpini, betri na inveta na soketi vyote humo. Kwa mtu anayekodi motohomu, au ana van ndogo hataki kutoboa toboa, liko poa sana, unaliingiza unalitoa. Ila uliza linachajiwaje njiani. Likichajiwa kwa tundu la kiberiti cha gari unapata kama wati 100 mpaka 120, kwa hiyo sanduku la wati-saa 1000 tupu linataka masaa nane na zaidi ya kuendesha. Na likiharibika inveta limeharibika lote, fundi wa kawaida halifungui.

Ya nne: betri ya maji

Rahisi kuipata kila mahali na bei yake iko chini, hapo ndipo sifa zinapoishia kwenye motohomu. Inatoa haidrojeni ikichajiwa, kwa hiyo isikae chumba unacholala bila boksi lake lenye bomba la kutolea hewa nje. Kila mwezi ufungue vifuniko uangalie maji yamefunika bamba, uongeze maji yaliyotoneshwa, siyo ya bomba. Ukisikia harufu ya mayai viza inachajiwa kupita kiasi au seli imekufa, zima chaja, fungua milango, usiwashe jiko la gesi hapo ndani.

Ukilazimika kuinunua, fanya hivi dukani. Chukua mbili za ampea ile ile uzinyanyue. Nzito ndiyo yako, uzito ni risasi, na risasi nene ndiyo inayovumilia kushuka na kupanda. Kuna betri zimeandikwa za kambi kwa herufi kubwa na picha ya hema kumbe ndani ni betri ya stata imebadilishwa stika. Mikono yako itakuambia kabla ya muuzaji.

Ya tano: jeli

Najua wapo watakaonuna. Jeli inavumilia kushuka chini na kukaa muda mrefu bila kazi, sibishi. Lakini inachajika taratibu, na ukiizidishia volti, nyingi mwisho wake ni kati ya 14.1 na 14.4, inafanya mapovu ndani ya jeli ambayo hayaondoki tena, eneo hilo limekufa. Chaja ikiwekwa kimakosa kwenye mpangilio wa AGM inakwenda zaidi ya hapo bila kukuuliza. Gari likija nayo itumie mpaka iishe, kuinunua mpya siku hizi sioni sababu.

Usiguse: betri ya kuwashia gari

Bamba zake ni nyembamba na nyingi, zimetengenezwa kutoa nguvu kubwa sekunde chache stata izunguke halafu alteneta ijaze. Ukiishusha kwa friji usiku kucha, mara chache tu imekwisha.

Kuhusu ukubwa, kwa yule wa 80 kwa siku, lithiamu moja ya 100 inakupa siku moja na akiba kidogo, mbili zinakupa amani siku ya mawingu. Paneli ya wati 100 iliyolala bapa juu ya paa siku ya jua zuri inaleta kama ampea-saa 25 mpaka 30 kwa siku, kwa hiyo wati 300 ndiyo zinarudisha ulichokula. Watu wananunua betri ya tatu wakati kinachokosekana ni paneli ya pili. Chaji kwanza, betri baadaye.

Ukifika kununua ya risasi ya aina yoyote beba mita yako ndogo. Betri iliyojaa na kutulia inasoma 12.7 hivi, ikisoma chini ya 12.4 imekaa kwenye rafu muda mrefu bila kuchajiwa, iache hapo hapo. Angalia pia tarehe ya kutengenezwa, iliyopita miezi sita bila chaji mimi siichukui hata kwa punguzo. Ubavu uliovimba, ukungu mweupe au wa kijani kwenye vichwa vya kufungia waya, hapana.

Ukiunganisha mbili sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, ziwe za aina moja, ukubwa mmoja, umri mmoja, ukichanganya ya zamani na mpya ile ya zamani inaivuta mpya chini. Chanya ya gari itoke kwenye betri ya kwanza na hasi itoke kwenye ya pili, ili zifanye kazi sawa, wengi wanatoa zote kwenye moja na hiyo moja inachoka mapema. Fyuzi iwe karibu na betri kadiri inavyowezekana, maana waya kabla ya fyuzi hauna ulinzi wowote na betri hizi zinaweza kuyeyusha spana. Waya wa inveta uwe mnene na mfupi, ukiushika baada ya dakika tano za kazi ukawa wa moto basi ni mwembamba, ubadilishe.

Na pima nafasi utakapoiweka betri, urefu, upana, na kimo pamoja na vichwa na nyaya juu yake, siyo bodi ya betri peke yake. Angalia chanya iko upande gani, nyaya za kiwandani nyingi hazina urefu wa ziada hata sentimita tano. Kisha ifunge kwa mkanda kwenye sakafu, kilo 30 zikiruka ukipiga breki ya ghafla hazikuulizi umekaa wapi.