collectd: Plagini Zake Zina Nguvu, Ila Soma Usanidi Kabla Hujawasha

Habari zenu watazamaji. Leo tunaichambua collectd, programu inayokaa nyuma ya pazia kwenye seva na kukusanya vipimo: prosesa inatumika kiasi gani, memori imebaki ngapi, diski imejaa wapi. Florian Forster aliianza mwaka 2005. Imeandikwa kwa lugha ya C, ni nyepesi, na kwa chaguo-msingi inachukua vipimo kila sekunde 10.

Yenyewe bila plagini, yaani vipande vya nyongeza vinavyopima au kuhifadhi, haifanyi kitu, kwa hiyo uchambuzi wa leo ni wa plagini. Zipo zaidi ya mia moja, na kishawishi cha kwanza ni kuziwasha zote uone kitakachotokea. Msifanye hivyo, jamani.

Fungueni faili la usanidi. Kwa wanaotumia Debian au Ubuntu liko kwenye /etc/collectd/collectd.conf. Mpangilio wake unaeleweka haraka: LoadPlugin inaita plagini, kisha kipande kinachoanza na <Plugin> ndicho kinachobeba maelekezo yake. Plagini ya kuandika kumbukumbu, iwe syslog au logfile, iwekeni juu kabisa. Ikikaa chini, malalamiko ya plagini zilizotangulia hamtayaona mahali mlipoyatarajia, na hapo mtaanza kubahatisha.

Sasa tazameni hapa kwenye skrini, nimeweka plagini ya df, ile ya nafasi ya diski:

<Plugin df>
  FSType "tmpfs"
  FSType "overlay"
  IgnoreSelected true
  ReportInodes true
</Plugin>

Huo mstari wa IgnoreSelected ndio wenye maneno. Ukiwa true, vitu ulivyovitaja vinaachwa na vingine vyote vinapimwa. Ukiufuta, chaguo-msingi ni false, na maana inageuka chini juu: vinapimwa ulivyovitaja peke yake. Yaani kwa mstari mmoja tu, seva itapima tmpfs na overlay (hifadhi ya muda kwenye memori, na tabaka za faili za kontena, yaani programu zilizotengwa ndani ya seva), na diski yako halisi haitaonekana kabisa. Programu haitalalamika, maana kwake usanidi ni sahihi. Plagini ya interface inafuata mtindo huohuo, na pale naipenda kwa sababu inakubali ruwaza: andika Interface "/^veth/" pamoja na IgnoreSelected true, na utitiri wa violesura vya mtandao vya kontena unatoweka kwenye grafu.

Na ReportInodes msiidharau. Diski inaweza kuonyesha nafasi tele huku mfumo unakataa kuunda faili jipya kwa sababu inodi, yaani nafasi za kuorodhesha mafaili, zimekwisha. Bila kipimo hicho utazunguka sana kumtafuta mchawi.

Tuje kwenye cpu. Kwenye Linux, plagini hii hutoa vipimo vya hali 8 (kazi za mtumiaji, za mfumo, kukaa bure na kadhalika) kwa kila kiini cha prosesa. Seva yenye viini 32 itazaa mifululizo 256, na ukitumia rrdtool, zana inayoweka vipimo kwenye mafaili ya RRD, kuhifadhi, hayo ni mafaili 256 ya prosesa tu, yakiandikwa mchana na usiku. Wengi wetu tunataka kujua seva imeelemewa au la. Weka ReportByCpu false na ValuesPercentage true, unabaki na mistari 8 iliyo kwa asilimia. Kwangu mimi hii ndiyo ingekuwa chaguo-msingi.

Hapa sasa ndipo collectd inaponiudhi. Chaguo la Interval linaonekana dogo: ukiona sekunde 10 ni nyingi mno kwa diski, unaandika 60. Lakini faili la RRD likishaundwa, limeshaganda na muda wa mwanzo. Kwa sekunde 10, hatua kati ya vipimo ni 10, na subira yake, yaani muda wa juu wa kungoja kipimo, ni mara mbili, yaani 20. Vipimo vikianza kuja kila baada ya 60, kwa faili hilo kila kimoja kimechelewa, kwa hiyo linaandika kwamba thamani haijulikani. Grafu inabaki tupu wakati programu inakimbia vizuri kabisa. Maelezo rasmi yenyewe yanakushauri uweke muda mara moja na usiuguse tena. Basi amua kabla hujawasha, na plagini inayohitaji muda wake peke yake ipe Interval ndani ya kipande chake cha <LoadPlugin>.

Lingine linahusu plagini inayoshindwa kusoma. Tuseme unapima hifadhidata, nayo imezimwa. Kila ikishindwa, collectd inazidisha muda wa kusubiri mara mbili: 20, 40, 80, 160, mpaka kikomo cha sekunde 86400, ambayo ni siku nzima. Nia ni njema, haitaki kuigongagonga huduma iliyolala. Ila hifadhidata ikizimwa kwa saa sita halafu ikaamka, unaweza kukaa saa nyingine tano na ushei bila kipimo hata kimoja, ukidhani bado ina tatizo. Dawa yake ni MaxReadInterval. Mimi naiweka 300.

Plagini ya exec inakuruhusu kuandika skripti yako kwa lugha yoyote. Skripti inachapisha mistari ya PUTVAL, yaani mistari inayobeba vipimo, basi. Plagini hii inakataa kata kata kuendesha skripti kama root, mtumiaji mwenye mamlaka yote, na nawaunga mkono waliotengeneza. Plagini ya network hutuma vipimo kwa UDP kupitia mlango 25826, na isipoelekezwa haifichi chochote, kwa hiyo data ikitoka nje ya mtandao wenu, SecurityLevel iwe Encrypt.

Kabla ya kuanzisha upya huduma, endesheni collectd -t ikague faili, kisha collectd -T, ambayo inaziita plagini zisome mara moja na kutoka. Ile ya kwanza peke yake haitoshi: faili linaweza kuwa na sarufi safi na plagini bado ikashindwa kusoma.

Je, naipendekeza? Kwa vifaa vyenye memori ndogo na seva kongwe ambazo hutaki kuzibebesha mzigo, ndiyo, bila kusita. Kwa anayeanza upya leo, fikirini mara mbili: toleo la 5.12 lilitoka mwaka 2020, na kasi ya matoleo si ya kujivunia. Kama tayari mnatumia Prometheus, programu nyingine ya kukusanya vipimo, si lazima mchague upande. Washeni write_prometheus, inafungua mlango 9103, na Prometheus inakuja kuchota vipimo yenyewe, mkaachana kabisa na mafaili ya RRD.