BMG Special: gitaa la Brian May kwenye chumvi ya Unguja

Mpiga gitaa wa hoteli za Nungwi, Paje au Shangani analijua ombi litakalokuja usiku. Mgeni ametoka kwenye makumbusho ya Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen, kule Shangani, ameshakaa, ameshaagiza, sasa anataka Queen. Mwimbaji wa kuzijaribu nyimbo zile hapatikani kwa shida. Shida ni gitaa: sauti nene, inayoimba, yenye kupanda juu bila kukwaruza, ambayo gitaa la kawaida haliitoi hata ukalifungia pedali za kila namna. BMG Special, linalouzwa na Brian May Guitars, kampuni ya mpiga gitaa wa Queen mwenyewe nchini Uingereza, limeundwa kwa kazi hiyo, na kazi hiyo linaiweza. Tatizo ni kwamba aliyelichora hakuwa na pwani yetu akilini.

Mnunuzi ajue kwanza ananunua nini. May, ambaye sasa ni mzee wa miaka sabini na ushei, amesimulia mara nyingi namna gitaa lake la awali, ambalo BMG ni nakala yake, lilivyozaliwa. Agosti 1963 yeye na baba yake, Harold, walianza kulichonga nyumbani kwa sababu fedha za kununua la dukani hazikuwepo. Shingo ilitoka kwenye ubao wa meko ya zamani. Springi za chini ya daraja, pale nyuzi zinaposhikwa kwenye mwili, zilikuwa za vali za pikipiki kuukuu. Mkono wa kutikisia daraja ulikuwa kipande cha chuma cha kubebea mfuko wa baiskeli, na alama za kwenye shingo ni vifungo vya chaza. Kazi ilichukua takriban miaka miwili. Ndani ya muda huohuo Zanzibar ilipata uhuru, Mapinduzi yakafuata Januari 1964, na familia ya Bulsara ikahamia Feltham, kitongoji kilekile alichokulia May. Mtoto wao Farrokh, ambaye baadaye alijiita Freddie Mercury, akawa anaishi mitaa michache tu kutoka kwenye gitaa hilo kabla hajamjua mwenyewe. Bendi ilikuja 1970. Freddie alifariki 1991, mpiga besi John Deacon akajitoa miaka michache baadaye, wakabaki May na mpiga ngoma Roger Taylor, na gitaa ni lile lile.

BMG haliigi meko wala pikipiki. Mwili na shingo ni mahogani, ubao wa vidole ni mpingo, ndani ya mwili mna matundu ya hewa yanayolipunguzia uzito. Kinachoigwa kwa uaminifu ni akili ya nyaya: pikapu tatu (vinasa sauti vya chini ya nyuzi) za koili moja zilizofungwa kwa mfululizo, mkondo ukipita kwenye moja kisha nyingine. Magitaa mengi huzifunga sambamba. Tofauti utaisikia papo hapo, kwani ukiwasha pikapu ya pili sauti inaongezeka nguvu na unene, badala ya kulainika kama kwenye Stratocaster, gitaa maarufu la Fender.

Kila pikapu ina swichi mbili ndogo za kutelezesha, moja ya kuwasha na kuzima, nyingine ya kugeuza fezi, kwa hiyo jumla ni sita. Wengi wanaolishika mara ya kwanza huwasha pikapu moja, wakageuza fezi yake, wasisikie mabadiliko yoyote, wakadhani swichi mbovu. Si mbovu. Fezi ni uhusiano wa pikapu mbili. Pikapu ikiwa peke yake haina wa kupingana naye. Washa mbili, geuza moja, na besi zinafutana, unabaki na sauti nyembamba ya puani yenye makali. Sauti ya kila siku ya May ni ya pikapu za daraja na kati zikiwa fezi moja. Kwa solo ya «Bohemian Rhapsody» ni ya shingo na kati zikipingana.

Hapa pana udhaifu wa kweli. Kutoka sauti ya kwanza kwenda ya pili ni miondoko mitatu: zima daraja, washa shingo, geuza fezi. Katikati ya wimbo, kwenye kiza, na vidole vina jasho, hutafanikiwa. Njia ni kuigeuza fezi ya shingo mapema, kabla ya wimbo, wakati pikapu yenyewe imezimwa. Haidhuru kitu. Ikifika solo inabaki miondoko miwili: washa shingo kwanza, kisha zima daraja. Tia nukta ya rangi ya kucha kwenye upande wa «washa» wa kila swichi, maana ukizizima zote tatu kwa bahati mbaya gitaa linanyamaza kabisa, na fundi mitambo atahangaika na kebo bure.

Urefu wa uzi kutoka shingoni hadi darajani ni inchi 24, karibu sentimita 61, wakati Stratocaster ina inchi 25.5. Nyuzi zinakuwa laini na kuzivuta ni rahisi mno, jambo linalompendeza hata mtu wa taarabu anayetaka kuzifikia zile sauti za katikati ambazo udi na fidla huzipata bila freti, vile vipau vya chuma vya shingoni. Ila bendi nyingi za hoteli hushusha nusu tuni ili kumpunguzia mwimbaji mzigo, na kwenye shingo fupi namna hii nyuzi nyembamba za 9 zikishushwa hulegea, zikagonga freti. Weka za 10, nene kidogo. Ukibadilisha unene, springi za nyuma nazo zirekebishwe, la sivyo daraja litainuka mbele na nyuzi zote zitakaa juu. Freti ziko 24, na zile za mwishomwisho zimebanana. Mwenye vidole vinene asizitegemee.

Sasa pwani. Unyevu wa Unguja na Pemba ni mwingi karibu mwaka mzima, na kwenye masika unazidi. Mbao zinavimba kidogo, shingo inajikunja, nyuzi zinapanda. Kupima, bana uzi mnene kwenye freti ya kwanza na pale shingo inapokutana na mwili, kisha angalia upenyo juu ya freti ya saba au ya nane. Karibu robo milimita yatosha. Ukizidi, kaza fimbo ya chuma ya ndani ya shingo kwa robo mzunguko tu, uache hadi kesho ndipo upime tena. Anayekaza mzunguko mzima kwa mara moja anatafuta kuipasua shingo.

Chumvi ndiyo adui mkubwa. Daraja la BMG linaegemea nguzo mbili kwa makali membamba, na kutu kidogo tu pale kunatosha kulizuia lisirudi mahali pake baada ya kutikisa. Watu hulaumu funguo za kutyunia, nazo hazina kosa, tena zina kufuli. Pangusa nguzo na utie grisi nyepesi, tone tu. Kwenye vijia vya nyuzi pale juu ya shingo sugulia ncha ya penseli kila unapobadilisha nyuzi. Nyuzi zenye utando wa kinga ni ghali, lakini hapa ndipo zinaporudisha fedha, maana za kawaida zinashika kutu chini, upande usiouona, na kukwangua freti. Swichi zikianza kukwaruza tumia dawa ya kupulizia ya kusafishia umeme. Mafuta ya bawaba yanaacha utando unaokusanya vumbi.

Wanaotoka chumba chenye kiyoyozi kwenda jukwaa la ufukweni wasifungue sanduku papo hapo. Chuma baridi kikikutana na hewa ya bahari kinatoa jasho. Liache sanduku limefungwa kwa nusu saa hivi, lizoee joto.

Kwa kuwa daraja linaelea, uzi mmoja ukikatika springi zinashinda na nyuzi tano zilizobaki zote zinapanda sauti. Hamna cha kutyuni, wimbo umeharibika. Asiyetumia mkono wa kutikisa akate kibao kidogo akibane nyuma, chini ya kifuniko cha springi, daraja lisiweze kusogea.

May hulipeleka gitaa lake kwenye kiongeza treble, kisanduku cha kukuza sauti za juu, kisha amplifaya ya Vox AC30 iliyofunguliwa hadi mwisho, na kupunguza sauti kwa kitufe cha gitaa. AC30 ni mzigo wa zaidi ya kilo thelathini, na meneja wa hoteli hatakuruhusu uifungue hata nusu. Amplifaya ndogo na kiongeza hicho vinatosha. Lakini kiongeza kikae cha kwanza, mara baada ya gitaa. Ukitanguliza pedali ya kutyunia, nyingi zina saketi ya kulinda mawimbi inayokitenganisha na pikapu, na ile sauti ya kuimba inapotea. Viongeza vilivyo na transista za germanium hubadilika tabia kwa joto, kwa hiyo jukwaa la jua la saa kumi halivifai. Chukua cha silikoni.

Koili moja huvuma karibu na taa za kupunguzwa mwanga na majokofu ya baa. Hilo linavumilika. Soketi isiyo na waya wa ardhi haivumiliki: nyuzi zimeunganishwa na ardhi ya amplifaya, na mdomo ukigusa maikrofoni unaweza kukamilisha njia ya umeme. Ipime soketi kwa testa kabla ya kufunga vyombo. Umeme wetu ni volti 230 na plagi ni za Kiingereza, basi amplifaya ya Uingereza inaingia moja kwa moja. Iliyoandikwa volti 120 itaungua.

Na ile sarafu ya Kiingereza ya peni sita ambayo May huipigia badala ya pleki? Inatoa mkwaruzo mzuri mwanzo wa kila noti, ila inakula nyuzi. Sarafu yetu ya shilingi mia ni kubwa mno kwa vidole. Pleki nene itafaa.

Kwa bendi inayopiga Queen mara moja kwa mwezi, gitaa hili ni anasa. Anayepiga kila wiki kwa wageni, au anayetaka gitaa moja lenye sauti nyingi za kurekodia, alinunue, na aagize pamoja nalo sanduku gumu, swichi mbili za akiba na springi za daraja, kwani vipuri hivyo hutavikuta sokoni Darajani.