Taa za kaskazini kutoka baharini: meli ya Bergen–Kirkenes inamfaa nani?

Hurtigruten, huduma ya meli za Norway, inabeba mizigo na abiria kwenye pwani ya nchi hiyo tangu 1893, na hilo ulijue kabla hujalipa. Hii si meli ya starehe inayorandaranda kuzitafuta taa za kaskazini, ule mwanga wa rangi unaocheza angani usiku karibu na ncha ya dunia. Ina ratiba. Kati ya Bergen, kusini-magharibi mwa Norway, na Kirkenes, kaskazini-mashariki kabisa, inapitia bandari 34, nyingine usiku wa manane kwa dakika chache tu. Anga likiwaka kijani wakati nahodha anakaribia gati, atafunga gati kama kawaida. Kampuni ya Havila nayo inapita njia hiyohiyo, kwa hiyo mengi ya humu yanaihusu pia.

Kinachonunuliwa hapa ni idadi ya usiku. Safari nzima ya kwenda na kurudi ni siku 12. Meli inavuka Mstari wa Aktiki asubuhi ya siku ya nne na kurudi kusini yake asubuhi ya siku ya kumi, yaani una usiku sita ndani ya ukanda wa taa. Ukienda tu, Bergen hadi Kirkenes, unapata usiku mitatu. Ukirudi tu, mitatu vilevile. Usiku wa kwanza kutoka Bergen usiuhesabu. Kule taa zinaonekana kwa nadra.

Watu wanahangaika mno na kipimo cha Kp, yaani namba ya 0 hadi 9 inayoonyesha msukosuko wa sumaku ya dunia, ambao huambatana na taa. Ukiwa karibu na Tromsø, nyuzi 69 kaskazini, Kp 1 au 2 inatosha, kwa sababu mkanda wa taa uko karibu juu ya kichwa. Adui ni mawingu. Fungua yr.no, tovuti ya Norway ya utabiri wa hali ya hewa, uangalie mawingu ya bandari mbili tatu zinazofuata, sio ya ulipo sasa. Na hapa ndipo meli inapopungukiwa: pwani ina unyevu mwingi, na meli haiwezi kuyakimbia mawingu. Gari dogo la watalii kutoka Tromsø linaweza kuingia bara hadi Skibotn, ambako anga huwa kavu zaidi. Faida ya meli ni kwamba inasogea usiku kucha, hivyo huenda ukalala chini ya wingu Tromsø na kesho yake ukakuta nyota baada ya Honningsvåg.

Miezi ni Septemba mwishoni hadi Machi. Oktoba na Machi ndiyo mizuri kwa maoni yetu: dhoruba za sumaku huongezeka karibu na siku za mlingano, usiku na mchana vinapokuwa sawa, na mchana unaona milima pia. Desemba giza ni refu, lakini bahari ya Barents, hasa kipande cha kati ya Berlevåg na Vardø, inaweza kuchafuka ukashinda umelala na ndoo pembeni. Vidonge vya kichefuchefu humezwa kabla, si baada ya kuanza kutapika.

Saa za kukaa macho ni kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa saba usiku, hasa kati ya saa nne na saa sita. Wahudumu hutangaza kwa kipaza sauti. Waulize mapokezi jinsi tangazo hilo linavyofika chumbani, kwa sababu usiku mara nyingi hunyamazishwa. Lakini usilitegemee peke yake. Mwanzoni taa huonekana kama wingu jepesi la kijivu, na wengi hulipuuza. Elekeza simu juu katika hali ya usiku: ikitoka kijani, ndizo.

Kwenye deki, kimbia taa za meli, ambazo kwa usalama hazizimwi zote. Meli ikienda kilomita 28 kwa saa, upepo wa omoni, yaani wa mbele ya meli, unakata hata kukiwa shwari. Simama upande wa demani, yaani usiopigwa na upepo, nyuma ya ukuta wa chuma. Vaa sufu mwilini. Pamba hushika jasho, nawe utaganda.

Chumba chenye dirisha usikinunue kwa ajili ya taa. Kioo kinaakisi mwanga, dirisha linatazama upande mmoja tu, na vingine viko kwenye deki ambako abiria wanapita mbele ya uso wako. Fedha hiyo ongezea usiku.

Picha za nchi kavu na za melini ni mambo mawili. Kuacha shata wazi sekunde 15, kama ilivyozoeleka nchi kavu, huku melini kunageuza nyota kuwa mistari. Tumia lenzi pana yenye tundu la f/2.8 au namba ndogo zaidi, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 3200 hadi 6400, sekunde 1 au 2, na fokasi ya mkono kwenye nyota angavu. Mtetemo wa injini hupanda kwenye miguu ya stendi, hivyo weka mpira chini yake. Betri ya akiba ikae mfuko wa ndani. Kabla ya kuingia, ifunge kamera ndani ya mfuko wa plastiki uiache ipate joto polepole, la sivyo lenzi itatokwa jasho.

Halafu ile ahadi ya Hurtigruten: taa zisipotokea kabisa katika safari nzima ya msimu, unapewa nyingine fupi bure. Soma vizuri. Zikitokea saa tisa usiku wewe umelala, zimetokea. Nauli ya ndege ya kurudi Norway ni yako, na mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya ataomba viza ya Schengen upya kama ya kwanza imekwisha.