Tuisheni ya kusoma: nimelipa elfu sitini, mtoto anasoma "miza"

Jina la kituo silitaji, ila kiko hapa Dar na kinajinadi kwamba mtoto wa darasa la kwanza atasoma ndani ya miezi miwili. Elfu sitini kwa mwezi. Feni zipo, vyoo visafi, mlinzi mstaarabu. Yote hayo nayafuta kwa sababu ya neno moja.

Mwezi wa pili ukielekea ukingoni, niliandika "meza" kwenye karatasi. Mtoto akasoma "miza". Nikaandika "pete", akasoma "piti". Nikamwambia aniandikie kiti. Akaandika k-e-t-e, bila wasiwasi wowote, halafu akanitazama asubiri sifa. Kufungua daftari la tuisheni, neno hilohilo "kete" limechorwa mtu kakalia kiti, na juu yake vema nyekundu!

Aliyewahi kushika chaki darasa la kwanza anajua hapohapo ugonjwa uko wapi. Wanafundisha herufi kwa majina ya Kiingereza: ei, bii, sii, dii, ii. Kiswahili kina irabu tano, kila moja na sauti yake, haibadiliki popote utakapoikuta. Ndiyo maana mtoto wetu anaweza kusoma haraka kuliko wa Uingereza. Sasa ukimwambia e ni "ii", i ni "ai" na a ni "ei", umeshamharibia tatu kati ya tano. Na "bii" ukiifuatisha na "ei" haitoi "ba", hata muimbe mpaka magharibi. Mtoto aambiwe sauti tu: midomo ifungwe kwa m, mmm, kisha a, iwe ma.

Nilikwenda kwa mkuu wa kituo na lile daftari, kwa adabu. Akanijibu huku anaperuzi simu: "Mama, hii ni mbinu ya kisasa. Kama unajua sana, si ungemfundisha mwenyewe?" Wazazi wengine wapo, wanasikia. Ya kisasa! Mtaala wa KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) wa mwaka 2015 ulishasisitiza sauti za herufi, yeye bado yuko na wimbo wa ei bii sii.

Na hawapimi. Mtoto akifika anaingizwa kwenye kitabu pamoja na wenzake, ukurasa walipo ndipo naye anapoanzia, anadaka kwa sikio. Hadithi ya ukurasa wa saba aliimwaga yote bila kukwama. Nikaziba picha kwa kiganja, nikamwonyesha neno la mwisho, halafu la katikati. Kimya. Kumpima mtoto hakuchukui hata robo saa: herufi kumi zilizochanganywa, silabi kumi, maneno kumi ya silabi mbili, kisha aya fupi ambayo hajawahi kuiona. Anapoanza kubahatisha, hapo ndipo pa kuanzia. Mradi uitwao Uwezo umepima watoto majumbani Kenya, Tanzania na Uganda kwa ngazi za namna hii miaka na miaka, kwa karatasi tu.

Nilishaandika hapa "msiende", nimefuta. Haki yake mtu apewe. Barazani pale kuna binti msaidizi mwenye kopo la vizibo vya soda. Kila kizibo kina silabi kwa maka peni: irabu tano, halafu m, k, t na b kwa kila irabu. Ni 25, na ameandika kila kimoja mara mbili, kwa sababu bila "ku" mbili hupati kuku. Kwa hivyo hamsini tu watoto wanapanga bata, mate, kiatu, tikiti. D ameificha makusudi mpaka b ikomae, la sivyo baba anageuka dada. M ya mti ina kizibo chake peke yake, nje ya hivyo hamsini, maana ukiificha ndani ya silabi nyingine mtoto atachomeka u, utasikia "muti". Mb, nd na nj zinafuata baadaye, na ng' ya mwisho kabisa, ngoma na ng'ombe zikiwa zimelazwa pamoja wasikie tofauti. Mtoto akisoma "kula" akatamka "kura", hamkatizi. Hiyo ni lafudhi ya nyumbani, kusoma kasoma.

Huyo nampa nyota tano, na nusu ya sita. Basi nikaomba mwanangu ahamie barazani. Nikaambiwa haiwezekani, pale ni pa "watoto wazito", na yule binti si mwalimu, anasaidia tu. Wazito! Yaani anayejua kazi amekalishwa nje juani na kopo lake, wa "miza" yuko ndani chini ya feni.

Kwa hiyo nyota moja. Au mbili, ya pili ni ya vizibo. Mwezi wa tatu nimeshaulipia na risiti imeandikwa hairudishwi. Sawa, mwanangu ni mzito, mwandikeni mzito kwenye rejesta yenu. Kesho anakaa barazani, na anayetaka kubisha atanikuta getini.