TAHADHARI: Msimlipe huyu bwana anayeuza safari ya siku tano ya kupiga kambi nyanda za juu

Ninaandika nikiwa bado na hasira na, kusema kweli, nikiwa na aibu pia, kwa sababu mimi ndiye niliyezoea kuwaonya wengine wasitume fedha kwa mtu ambaye hawajapata kuonana naye ana kwa ana. Wale tunaofanya mazoezi pamoja mnaijua safari ninayoizungumzia na mnamjua aliyeiuza. Jina lake silitaji kwa kuwa shauri tayari liko polisi, lakini matangazo yake yanajulikana: siku tano kwa miguu, kulala mara nne katika mahema mahali pasipo na nyumba wala barabara, na vifaa vyote juu yake.

Nianze na simu ile, maana hapo ndipo niliponaswa. Alipiga jioni, simu ya video, na nyuma yake ukutani palikuwa na ramani kubwa iliyochomekwa pini za rangi na kamba mbili za kupandia zilizoviringwa vizuri na kutundikwa kwenye msumari. Hakuanza na habari ya fedha. Alianza na goti langu la kushoto, ambalo nilikuwa nimelitaja kwenye fomu yake ya afya, akataka kujua kama linaniuma wakati wa kupanda au wakati wa kushuka. Nilipomjibu kwamba ni wakati wa kushuka, aliitikia kwa kichwa kama daktari, akasema basi nitahitaji fimbo mbili na si moja, kisha nikamwona kwa macho yangu akiandika jambo hilo katika kijitabu chenye jalada jeusi. Kijitabu hicho ndicho kilichonimaliza. Mpaka leo najiuliza aliandika nini mle.

Kisha akamgeukia rafiki yangu, ambaye alikuwa ameketi kando yangu na fedha zake tayari, akamwuliza mara ya mwisho alitembea kilomita ngapi akiwa na mzigo mgongoni. Rafiki yangu akababaika. Yule bwana akamwambia kwa upole kabisa, "Wewe bado, dada yangu. Safari hii itakuumiza. Fanya mazoezi miezi mitatu, halafu unitafute." Sasa niambieni, ni nani atakayemshuku mfanyabiashara anayekataa fedha? Nilijisemea kwamba mtu wa namna hii hatafuti wateja, anatafuta watu wanaoweza kurudi salama. Na mimi kukubaliwa baada ya mwenzangu kukataliwa, nikiri tu, kulinipa kiburi kidogo.

Ndipo alipotaja kwamba nafasi zimebaki mbili na kwamba mtu mmoja ameahidi kulipa usiku uleule. Hakuharakisha maneno. Alisubiri tu, akiinywa chai yake, huku mimi nikiandika namba ya akaunti. Jina lililotokea kwenye simu yangu kabla ya kuthibitisha halikuwa la kampuni, lilikuwa la mwanamke. Nilimwuliza. Alijibu, "Huyo ni mhasibu wetu," bila hata kushusha kikombe. Kidole changu kilikaa juu ya kitufe kwa muda ambao naweza kuukadiria kuwa sekunde kumi, na katika sekunde hizo nilijua, nasema nilijua, kwamba jambo hili halijakaa sawa. Lakini nilifikiria goti langu katika kijitabu kile, nikaona itakuwa utovu wa adabu kumtilia shaka mtu aliyenijali kiasi hicho. Nikabonyeza. Ilikuwa akiba yangu ya miezi minne, yote kwa mkupuo mmoja.

Kabla hamjaniita mjinga, kumbukeni kwamba sikuwa mgeni wa milima. Ratiba aliyonitumia ilikuwa na umbali wa kila siku, mita za kupanda, hata mahali pa kuchota maji. Fomu yake iliuliza mzio, dawa ninazotumia na jina la ndugu wa kupigiwa simu. Tapeli wa kawaida hajisumbui hivyo.

Tulikuwa saba. Siku ya kwanza yeye mwenyewe alikuja nasi, tukaacha magari mwisho wa barabara, tukatembea saa moja na nusu hadi kando ya kijito, na jua lilikuwa zuri. Alitupiga picha tukiwa mbele ya mahema. Giza lilipokaribia alisema mitungi ya gesi ya jiko imesahaulika garini, kwamba anashuka kuichukua, na kwamba tusiwe na wasiwasi kwa sababu kijana aliyekuwa naye ni mwenyeji wa milima ile. Hakurudi. Simu zetu hazikuwa na mtandao, na hata kama zingekuwa nao, yake ilikuwa imezimwa, kama tulivyogundua baadaye.

Usiku huo ndipo nilipoisoma lebo ya mfuko wa kulalia kwa taa ya kichwani. Alikuwa ametuhakikishia kwamba mifuko yake inahimili baridi ya nyuzi 6 chini ya sifuri, na hakusema uongo, kwa maana namba hiyo ilikuwepo. Lebo ilikuwa na namba tatu: nyuzi 10, nyuzi 6, na hiyo ya chini ya sifuri. Ya kwanza ndiyo ya kulala kwa raha. Ya pili ni mpaka ambao mtu aliyejikunyata bado anaweza kulala. Ya tatu ni ya kunusurika kwa saa chache tu, ukiwa katika hatari ya mwili kupoa kupita kiasi, wala si ya kumtangazia mteja. Hewa hupoa kwa takriban nyuzi sita na nusu kwa kila mita 1,000 unazopanda, nasi kesho yake tulipaswa kupanda mita 1,500.

Ratiba ilisema siku ya pili ni kilomita 24 na mita hizo 1,500, kwa saa sita. Iko kanuni ya zamani ya Mskoti aitwaye Naismith, aliyoiandika mwaka 1892: saa moja kwa kila kilomita tano, na saa moja ya ziada kwa kila mita 600 za kupanda. Pigeni hesabu wenyewe. Ni zaidi ya saa saba, bila kupumzika, bila ukungu, bila mzigo mzito. Hesabu hiyo ningeweza kuifanya nikiwa nimeketi nyumbani, na sikuifanya.

Ukungu ulitushukia mchana. Yule kijana alisimama, akatoa simu, nami nikachungulia juu ya bega lake: ramani yote ilikuwa viraba vya kijivu, kwa sababu hakuwa ameihifadhi kabla ya kutoka kwenye mtandao. Ndipo alipotuambia, macho yakiwa chini, kwamba aliajiriwa siku mbili kabla kwa njia ya simu, kwamba hajalipwa chochote, na kwamba hajawahi kuvuka kambi ya kwanza. Sina neno naye. Alimbebea begi mzee aliyekuwa nasi hadi jioni.

Usiku wa pili mvua ilikuja na upepo, nguzo za mahema mawili zikavunjika, na tukajibana watatu katika hema la watu wawili. Mwenzetu mmoja alikuwa akitetemeka tangu alasiri. Kilichotutisha ni pale alipoacha kutetemeka huku bado ana baridi, akaanza kuzungumza kama mlevi na kutaka kuvua koti. Tulimvua nguo mbichi, tukamvika zetu kavu, tukamweka katikati yetu ndani ya mifuko miwili iliyofunikwa pamoja. Alihitaji kinywaji cha moto. Gesi ilikuwa na yule bwana.

Asubuhi tuligeuza njia na kupuliza filimbi, mara sita ndani ya dakika moja, kisha kimya cha dakika moja, kisha tena, kama inavyotakiwa na ishara ya dharura ya milimani. Katika saa ya pili tulijibiwa kwa milio mitatu. Lilikuwa kundi jingine, lenye kiongozi wa kweli, mwenye dira, ramani ya karatasi na kifaa cha mawasiliano ya setilaiti kiunoni, na huyo ndiye aliyetushusha.

Niliporudi, rafiki yangu aliyekataliwa alinieleza jambo ambalo alikuwa ameona haya kulisema: siku tatu baada ya simu ile, yule bwana alimpigia tena, akamtafutia safari "nyepesi inayomfaa" kwa bei ileile, naye akalipa. Safari hiyo haijawahi kuondoka. Kumkataa kulikuwa chambo tu, na samaki tulikuwa wawili.

Huyu mtu asiishie kurudisha fedha. Kurudisha fedha ni kwa aliyechelewesha mzigo, si kwa aliyewaacha watu saba mlimani bila moto. Ashitakiwe kwa udanganyifu na ashitakiwe pia kwa kuhatarisha maisha, azuiwe kuongoza hata watoto wa shule kwenye bustani, na huyo mwenye akaunti aitwe aeleze yeye ni mhasibu wa nini. Na wale wanaosambaza matangazo yake kwa kamisheni nao wajitazame, kwa maana mzee yule angeweza kufa. Mtu wa namna hii akiachwa, mwaka ujao tutasoma habari nyingine kabisa.

Dalili, kwa wanaouliza: akaunti ya mtu binafsi, namba ya leseni ya uongozaji ambayo kila nilipoiomba alisema ataituma, kukataa kunipa simu ya mteja wa zamani kwa madai ya faragha, na kutomjua kiongozi wa safari hadi siku ya kuondoka. Na picha. Picha zake zilikuwa za milima ya mahali pengine, jambo ambalo ungelibaini kwa kuitafuta picha yenyewe mtandaoni, kazi ya dakika moja.

Sasa amebadilisha picha hizo. Tangazo la wiki hii lina mahema kando ya kijito, jua linazama, na watu saba wanacheka. Aliyesimama kushoto mwenye koti jekundu na fimbo mbili mkononi ni mimi.